Ngoma Ndani ya Ngome

Huko Kirewa, wilayani Tororo, katika nyumba ya sajini mmoja aliyestaafu, chakula cha jioni kilikuwa kimekwisha kuliwa na vyombo vimekwisha kuoshwa. Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Kijana wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka ishirini, alikuwa ameketi kuegemea ukuta, simu mkononi na waya sikioni. Na baba yake, aliyekuwa akipita kwenda kufunga zizi, alisimama nyuma yake akatazama kioo kile kidogo. Aliona kasri la mawe, lenye madirisha mengi yasiyohesabika kwa tazamo moja, na mbele yake mtu mmoja nyuma ya meza, akigusa vifungo, huku watu wakicheza taratibu kama mtama unaopepewa na upepo.

"Mwanangu, huyo anapiga chombo gani?"

"Hapigi chombo, Baba. Anapanga nyimbo."

"Anapanga? Kama apangavyo mtu kuni?"

Kijana akacheka, akachomoa waya ili sauti isikike na wote. Mzee akainama, akageuza sikio lake la kushoto, kwa maana la kulia alilipoteza zamani katika kikosi cha mizinga.

Pengine mazungumzo hayo yangekwisha hapo na kila mtu akaenda kulala, lakini asubuhi ya siku ile ilikuwa imefika habari ya msiba kutoka Busia, upande wa Kenya. Mume wa shangazi yake kijana, askari polisi mstaafu, alikuwa amefariki dunia. Mazishi yangefanywa Jumamosi, na vijana wa huko, binamu zake, walikuwa wamempigia simu wakimtaka afike siku mbili mbele na mitambo yake, ili apige muziki wa matanga usiku kucha. Ujira ungekuwa mzuri. Kasoro moja tu: vipaza sauti alivyo navyo vyatosha harusi ya ua mmoja, wala havitoshi umati wa matanga. Fundi mmoja mjini alikuwa tayari kumwachia viwili vikubwa, akipata fedha za kutanguliza. Na fedha hizo, kwa hesabu ya kijana, zilikuwa zimesimama zizini, zina pembe mbili na kamba shingoni.

Mama alipoyasikia hayo hakujibu upesi. Aliuliza tu, "Na msimu ukifika, jembe litavutwa na nani? Na wewe?"

Msomaji asiyeujua muziki huu asione haya kuuliza kama alivyouliza yule mzee. Huitwa hausi. Wengi wakiona umepigwa katika makasri ya Ulaya hudhani ndiko ulikozaliwa, kumbe sivyo. Ulizaliwa Chicago, Marekani, katika ukumbi uliokuwa ukiitwa The Warehouse, yaani ghala, uliofunguliwa mwaka 1977. Mpiga santuri wake alikuwa Frankie Knuckles, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1955 na kufariki mwaka 2014. Waliokwenda kucheza pale walikuwa zaidi watu weusi na watu wengine waliobaguliwa, ambao katika kumbi nyingi za mji hawakukaribishwa. Wakitoka huko huenda madukani kuulizia santuri kama zile za ghalani, na jina likakatwa mkia likawa hausi. Baadaye akatokea Larry Heard, wa mji huo huo, aliyekuwa mpiga ngoma kabla ya kugeukia vinanda vya umeme. Mwaka 1986 alitoa wimbo uitwao "Can You Feel It", na kwa wimbo huo na wengine wa namna hiyo ikaanza ile iitwayo hausi ya kina: mpigo ule ule, ila umetulizwa, na juu yake sauti nene za kinanda zinazotandazwa kama shuka. Wa siku hizi wameiongezea melodia ndefu, zinazopanda pole pole na kushuka pole pole.

Basi mzee, akiwa bado ameinama, alivua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya meza. Midomo yake ikawa inatikisika. Baada ya nusu dakika akainua kichwa.

"Sitini na moja," alisema. "Kwa dakika nzima ni mia moja ishirini na mbili. Gwaride la mwendo wa haraka ni mia moja ishirini. Huyu bwana amezidisha hatua mbili."

Haikuwa bahati mbaya wala miujiza. Hausi ya kina huenda kwa mipigo ipatayo 118 hadi 124 kwa dakika, na askari yeyote aliyekanyaga uwanja wa gwaride anaujua mwendo huo katika visigino vyake. Ni mwendo ambao mwili waweza kuuchukua kwa muda mrefu bila kuchoka. Ngoma nzito hulia mara nne katika kila kipimo, bila kukosa hata moja, na kwa sababu haikosi, mchezaji hahitaji tena kuisikiliza. Masikio yake huwa huru kufuata yale yanayopita juu yake.

Kazi ya yule mtu wa mezani ndiyo hiyo. Mbele yake zimo nyimbo mbili, moja inasikika na watu, ya pili anaisikia yeye peke yake katika vifaa vya masikioni. Huiharakisha au kuichelewesha ile ya pili mpaka ngoma zake zikanyage pamoja na za kwanza, kama safu mbili za askari zinazokutana na kuwa safu moja. Kisha huipunguza besi ya ile inayoondoka na kuipandisha ya ile inayoingia, kwa kuwa besi mbili zikilia kwa pamoja huvuruga kila kitu. Akifanya vema, wachezaji hawajui ni saa ngapi wimbo mmoja ulikwisha na mwingine ukaanza. Mara nyingine huiondoa ngoma kabisa, akaacha kinanda peke yake, watu wakasimama wakingoja kwa pumzi iliyozuiwa. Na ngoma irudipo, hurudi kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Saa moja na nusu hupita hivyo. Mwenye kudhani ni kazi ya kubonyeza kifungo na kukunja mikono na ajaribu mwenyewe.

Wazee wa jeshi hawana haki ya kuucheka muziki wa wageni, kwa maana wao ndio waliokuwa wachukuzi wake wakuu katika Afrika ya Mashariki. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, watu wakiigiza bendi za matarumbeta na magwaride ya Wazungu kwa namna yao wenyewe, wakiwa na vyeo, sare na mashindano. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba beni mpaka bara, mahali ambapo bahari ilikuwa ikijulikana kwa hadithi tu. Baada ya Vita vya Pili waliorudi kutoka Burma walirudi na mapenzi ya magitaa. Na katika Tanzania majeshi yenyewe yalikuwa na bendi zao za dansi, tena si za kubahatisha: Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, Polisi Jazz. Watu wazima waliokuwa wakiingia katika mabwalo ya dansi zama hizo walikuwa wakiambiwa na wazee wao maneno yale yale anayoambiwa leo kijana mwenye kompyuta.

Lakini kasri lile lilimkaa mzee kichwani kuliko muziki wenyewe. Kwa nini wacheze huko?

Iko jumuiya ya Wafaransa iitwayo Cercle, ambayo tangu mwaka 2016 imekuwa ikiwapeleka wapiga santuri katika mahali pa kihistoria na pa ajabu, ikiwapiga picha na kuwaonyesha ulimwengu mzima kwa njia ya intaneti. Miongoni mwa mahali hapo ni kasri la Fontainebleau, lililo kusini mwa Paris. Katika ua wa kasri hilo, tarehe 20 Aprili 1814, Napoleon aliwaaga askari wake wa gadi ya zamani kabla ya kupelekwa kisiwani Elba. Na inajulikana kwamba askari wale waliozoea mizinga walilia siku ile kama watoto. Kijana wa Kirewa hakuwa na habari hizo. Mzee alizijua, kwa maana kila chuo cha kijeshi kina mwalimu mmoja asiyechoka kumtaja Napoleon.

Na si lazima kwenda Ufaransa. Lugha ya Kiswahili yenyewe imeweka ngoma na ngome jirani, zimetenganishwa na herufi moja. Kule Unguja, Ngome Kongwe imesimama mbele ya bahari tangu Waarabu wa Oman walipoijenga, baada ya kuwashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Katika karne ya 19 ilikuwa gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ndogo iliyokwenda Bububu. Na tangu Februari 2004 ndani ya kuta hizo hizo limekuwa likifanywa tamasha la Sauti za Busara, lenye sifa ya kushikilia kwamba muziki upigwe papo hapo na wanamuziki wenyewe, kwa mikono na midomo yao. Hapo mpiga santuri wa kasri la Ufaransa angeulizwa maswali mawili matatu kabla ya kupanda jukwaani. Fort Jesus ya Mombasa nayo, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mizinga iliyokuwa ikitisha merikebu imekuwa mahali pa watoto kupigia picha.

Majengo hayo ni mazee, na uzee hautaki mzaha. Jirani kabisa na Ngome Kongwe lipo Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka, watu wawili wakapoteza maisha. Haikuwa kwa sababu ya muziki, jumba lilikuwa katika matengenezo. Lakini yeyote anayetaka kuegemeza besi nzito juu ya kuta za chokaa na mawe ya matumbawe hana budi kwanza kumwuliza mhandisi.

Kwa watu wa Kirewa ngome zote hizo ziko mbali. Iliyo karibu kidogo ni boma la Chetambe, karibu na Webuye, ambako Wabukusu walijihami dhidi ya majeshi ya Waingereza mwaka 1895, na pale hakuna madirisha wala minara, ni kilima na mabaki ya handaki. Wapadhola wenyewe hawakuwa watu wa kujenga makasri. Walikuwa na fumbo, ile ngoma ndefu, na walikuwa na ua uliofagiwa vizuri, na ngoma ilipolia kila mtu alijua inalilia nini.

Hapo ndipo mzee alipoanza kuyaona mambo kwa jicho la kazi yake ya zamani. Alikuwa amelinda malango kwa miaka mingi, mvua na jua. Alipolitazama kasri mara ya pili, hakuyaona tena madirisha. Aliona lango.

"Hapo," alimwambia mwanawe, "kila aliyemo amepita mbele ya mtu. Ametazamwa. Mtoto amerudishwa. Mlevi ameambiwa akae kando. Na saa ikifika, watu wote hutolewa na lango likafungwa. Sasa niambie, lango la matanga liko wapi?"

Kijana hakuwa na jibu, na si yeye peke yake. Disko matanga, kama yanavyoitwa katika Magharibi ya Kenya na Nyanza, yalianza kwa nia isiyo mbaya. Watu wanaokesha na maiti walihitaji kuchangamshwa, na jamaa walihitaji michango ya jeneza, chakula na usafiri. Muziki ukiwavuta watu, na mifuko yao huvutika. Lakini ua wa msiba hauna ukuta. Yeyote anaweza kuingia, na katika giza lililo nyuma ya mwanga wa jenereta hakuna amjuaye mwenzake. Serikali ya Kenya imeyapiga marufuku mara kwa mara, kwa sababu ya wasichana waliotoka nyumbani kusema wanakwenda kuhani wakarudi na mimba, au wakarudi na jambo ambalo hawakuweza kulisema. Machifu na polisi wametumwa kuyavunja. Kila askari polisi aliyepangwa zamu katika wilaya hizo anajua uzito wa kazi hiyo: kuingia katika nyumba yenye maiti na kuzima muziki, huku ukitazamwa na waliofiwa.

Katika nyumba ile ya sajini alikuwamo pia binti wa miaka kumi na mitano, aliyekuwa likizo. Naye angekwenda matangani. Mama alikuwa amelifikiri hilo tangu asubuhi, hata kabla ya kulifikiri jembe.

Liko na jambo la masikio. Sauti nzito husafiri kwa namna isiyolingana na sauti nyembamba. Wimbi la sauti ya mitikisiko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7. Kwa wimbi hilo ukuta wa udongo na mlango wa mbao si kitu. Na usiku, hewa ya karibu na ardhi ikiwa imepoa kuliko ile ya juu, sauti zilizokuwa zikipotelea angani mchana hupindwa zikarudi chini, zikatembea juu ya mashamba. Ndiyo maana mtu alalaye vijiji viwili mbali husikia dum, dum, dum, asisikie wimbo hata mmoja. Apatacho yeye ni gwaride tu, bila bendi.

Kwa aliye karibu hatari ni kubwa zaidi. Wataalamu wa afya husema kwamba sikio laweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikizidi desibeli tatu, muda hupungua kwa nusu. Ukifika desibeli 100, ambazo kipaza sauti kikubwa huzifikisha bila jasho, muda wa salama ni dakika 15 tu kwa siku. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni mwaka 2022 kwa ajili ya kumbi za muziki, kwamba wastani usizidi desibeli 100, sauti ipimwe, pawepo mahali pa kupumzishia masikio, na watu wapewe vizibo. Mpiga santuri wa kijijini hukaa hatua tatu kutoka kwenye kipaza sauti, tangu saa mbili usiku hadi alfajiri, usiku baada ya usiku. Hana kizibo. Zile nywele ndogo ndogo za ndani ya sikio zinazoipokea sauti zikifa hazioti tena, na huanza kufa zile za sauti nyembamba: ndege, filimbi, herufi ya sini, sauti ya mtoto anayeita kutoka jikoni.

Mzee hakuhitaji kuambiwa na wataalamu. Hakuwa amewasikia ndege kwa sikio la kulia tangu ujana wake. Na hilo alilisema usiku ule kwa mara ya kwanza mbele ya watoto wake, bila kutaka kuhurumiwa, kama mtu anayetoa taarifa ya zamu.

"Mimi niliambiwa niweke pamba," alisema. "Nikaona pamba ni ya waoga."

Isidhaniwe kwamba mzee alikuwa adui wa vijana. Pande zote mbili za mpaka sheria haiukatazi muziki. Inaukatazia kuwaudhi watu. Uganda ina kanuni za viwango vya kelele za mwaka 2003, na Kenya ina zake za mwaka 2009. Mwezi Septemba 2022, Bunge la Uganda lilipotaka tamasha la Nyege Nyege lisifanyike, serikali iliamua liendelee kwa masharti, nalo likafanyika kwa siku nne penye maporomoko ya Itanda, Jinja, chini ya ulinzi wa vyombo vya usalama. Wapo askari wanaosoma ukurasa huu waliosimama huko zamu, na miguu yao ilikuwa ikitikisika ndani ya buti wakijifanya hawasikii. Muziki uliokuwa ukipigwa pale ni ndugu wa ule wa kasri.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wazee, lakini hawakusema ni nani anayepaswa kuulizwa kabla haijapasuka. Mzee alifikiri juu ya hilo kwa kitambo, kisha akauliza swali ambalo nyumba nzima ilikuwa haijaliuliza.

"Shangazi yako anasemaje?"

Kijana akamtazama. Binamu ndio waliopiga simu. Binamu ndio waliopatana bei. Shangazi hakuna aliyemwuliza.

Mzee akachukua simu ile ile iliyokuwa na kasri, akampigia dada yake. Ilikuwa karibu saa nne usiku. Walisalimiana kirefu, wakapeana pole tena, na nyuma ya sauti yake zilisikika sauti za wanawake wakiimba pole pole. Kisha mzee akamweleza habari ya vipaza sauti viwili vikubwa, habari ya usiku kucha, habari ya michango. Shangazi alinyamaza hata ikadhaniwa kwamba simu imekatika.

"Kaka," alisema mwishowe, "wakija na ngoma hiyo, mimi nitalilia wapi?"

Nyumba ya Kirewa ikawa kimya.

"Nina vyumba viwili na jiko," akaendelea. "Watu wamejaa. Nikitaka kulia natoka nje. Na nje ndiko mnakotaka kuleta hiyo."

Mzee akasema, "Nimesikia, dada yangu." Alitaka kukata simu, lakini shangazi akamzuia.

"Mtoto yuko hapo? Mpe."

Kijana akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Usikasirike. Bwana wako unamjua, alikuwa mtu wa dansi. Tulipokuwa katika nyumba za polisi, kila Jumamosi alikuwa akiiweka redio dirishani, na majirani wakileta viti. Njoo na kile kisanduku chako kidogo. Nipigie nyimbo zake za zamani, chini chini, mpaka saa nne. Wanaotaka makelele waende mjini."

Habari za ng'ombe hazikutajwa tena usiku ule. Fundi wa mjini alipigiwa simu asubuhi na kuambiwa asingoje. Binamu walinung'unika, wakasema Waganda ni waoga, wakasema michango itapungua. Na kweli ilipungua, na sajini mstaafu pamoja na askari wengine waliomjua marehemu walilazimika kutoa zaidi ya walivyokuwa wamekusudia. Hilo nalo lisifichwe.

Ijumaa walivuka mpaka, wote watano pamoja na mtoto mdogo. Kijana alikuwa amekaa siku mbili akizitafuta nyimbo za zamani, za bendi za Nairobi na Dar es Salaam na Kinshasa, na kwa kuwa hakuweza kuiacha kazi yake, alikuwa amezipanga kwa namna ya kasri: wa kwanza ukiingia ndani ya wa pili bila pengo, gitaa likikabidhi gitaa. Haikuwa rahisi. Bendi zile hazikupiga kwa saa ya mtambo. Mpiga ngoma akifurahi aliongeza mwendo, akichoka alipunguza, na kijana alilazimika kuzifuata kwa mkono, mpigo kwa mpigo, kama mtu anayemshika mkono mzee anayeshuka ngazi.

Kisanduku kiliwekwa dirishani. Mzee alikuwa amechukua kiti chake akakiweka penye njia ya kuingilia uani, kurunzi mapajani, akiwauliza wote waliokuja wametoka nyumba gani. Wawili watatu waligeuza. Binti yake alikuwa ndani pamoja na wanawake, akimenya vitunguu.

Ilipofika saa tatu na nusu, shangazi alitoka nje, kanga kichwani, akakaa chini ya dirisha, akaegemeza mgongo ukutani. Alisikiliza nyimbo nne au tano. Alilia kidogo, akaacha, akalia tena, na hakuna aliyemgeukia. Mzee alisimama kutoka langoni, akaja akaweka kiganja juu ya kile kisanduku, kwa maana upande ule aliokaa lilikuwa limemgeukia sikio la kulia, akahesabu.

"Mia moja na nane," akamwambia mwanawe. "Hawa walikuwa hawana haraka."

Saa nne kamili kijana akanyoosha mkono kuzima.

"Bado," alisema shangazi. "Rudisha ule wa pili."